Uso wa Framroz

Sarodra, 3 Februari 1964

Dada Sehru,

Salamu nitakupa ukifika. Leo nina neno moja tu: njoo. Hali ya Baba si nzuri.

Najua uliapa pale mlangoni petu, watu wakisikia, kwamba hutakanyaga tena Sarodra mpaka Baba akuite kwa kinywa chake. Na Baba naye akaapa kwamba ulimi wake utaoza kabla haujakuita. Nyie wawili mmefanana mpaka mnakera. Miaka yote hii kila mmoja kakalia kiapo chake kama kuku juu ya yai viza, na mimi ndiye ninayesikia harufu.

Nisikilize kabla hujaichana barua. Desturi yetu sisi Waparsi unaijua kuliko mimi, maana ndiyo uliyoivunja. Maadamu Baba yu hai, hakuna wa kukuzuia kuingia chumbani kwake. Wenye midomo watasema, na siku hizi hawana kazi nyingine. Lakini akishakata roho, akaoshwa na kuvishwa, basi. Wazee wa hapa humhesabu binti aliyeolewa nje kuwa mgeni, na mgeni haruhusiwi kutazama uso wa maiti wetu. Hawatajali kwamba pua hiyo ndiyo uliyoirithi. Hutamwona tena, Sehru, na si mimi wala malaika atakayekufungulia.

Daktari alikuja jana. Alimsikiliza kifua akatikisa kichwa. Sitaki kuandika zaidi.

Mwambie shemeji Jayant asije naye safari hii. Anisamehe. Njoo wewe, mara moja.

Mdogo wako,
Keki

*

Baroda, 19 Februari 1964

Keki, mwongo mkubwa wewe,

Nimesubiri nifike kwangu ndipo nikuandikie, maana pale nyumbani ningekupiga na kiatu mbele ya mkeo.

Nilisafiri toka Baroda mpaka Sarodra nikilia. Abiria wote ndani ya behewa walinionea huruma, mama mmoja wa Kijaini akanipa na limau ninuse. Nafika, namkuta nani? Mgonjwa wako amekaa kwenye bembea ya barazani, yai limemganda kwenye masharubu, anabishana na Mbohora wa vitambaa juu ya nani alitangulia kufika Sarodra! Mbohora anasema babu zake walikuwa na duka hapa wakati babu zetu, wametoka jahazini, bado wanaanika nguo ufukweni. Baba anamjibu kwamba duka lenyewe walilijenga juu ya shamba letu. Na wote wawili wamesahau kwamba shamba lilikuwa la babu zake Jayant. Nilitaka kuwakumbusha hilo, nikajizuia. Nilidhani nazungumza na mtu anayekufa.

Akaniona. Akasimamisha bembea kwa mguu. Yule Mbohora, Mungu ambariki, alijifanya amesahau kitu dukani. Baba akaniuliza, "Umekula?" Basi. Miaka yote ile, kiapo kile chote, na neno lenyewe likawa hilo.

Nilipogundua kwamba hana hata mafua nilikuwa tayari nimeshakata kucha zake na kumchana nywele, na hasira hazikunijia. Nilisema ndiyo kwa kila kitu. Alisema serikali yote ni wezi, nikasema ndiyo, Baba. Alisema chai ya Wabrahmini ni maji ya kuoshea vyombo, nikasema ndiyo, Baba, mimi ninayeinywa kila siku! Mkeo Alu alitupikia tambi tamu na mtindi kama vile kuna harusi. Wakati wa kuondoka Baba alinishika mkono, hakuuachia upesi, akasema, "Umekuwa mpole, Sehru." Nilijisikia kama nimepewa taji.

Nakulaani na nakushukuru, sijui kipi kwanza. Nimemwona. Hata wazee wenu wakifunga milango yote, nimemwona. Lakini nimeingia kwa uongo, na uongo huo unanila kidogo. Nilipokuwa namchana nywele nilikuwa namuaga, na yeye hajui.

Dada yako,
Sehru

*

Sarodra, 11 Machi 1964

Dada,

Anajua.

Nimefanya jambo baya na sijui nilifungue kwa wapi. Ulipoondoka Baba hakurudi barazani. Alipanda kitandani mchana, akasema amechoka. Nikadhani furaha imemlemea. Siku zilizofuata akakataa mayai. Akakataa samaki. Alimwita Alu akamwambia amfulie ile fulana yake nyeupe ya ibada, iliyo mpya, aiweke juu kabatini iwe rahisi kupatikana. Saa yake ya mfukoni amempa mwanangu. Kisha akaniuliza kama mbwa wa mnarani, kule tunakolaza wafu wetu, bado yu mzima, yule mwenye madoa juu ya macho. Mtu mzima wa afya haulizi habari za mbwa anayeletwa kumtazama maiti.

Nikamuuliza, "Baba, una nini?" Akanijibu kwa utulivu, "Keki, mimi si mtoto. Mmemleta mke wa Mbrahmini akae kitandani pangu, na hakuna hata mmoja wenu aliyeogopa majirani. Daktari amewaambia. Mmemleta anione kabla hajazuiwa. Mmefanya vizuri."

Nikapiga magoti, dada. Nikamwambia kila kitu. Nikamwambia daktari alitikisa kichwa kwa sababu Baba alimwita mwizi wa sindano. Nikamwambia niliogopa siku moja utafika umechelewa, nikadanganya, mimi peke yangu, na yeye ni mzima kuliko mimi. Unajua alifanya nini? Alinipapasa kichwa. "Mwanangu mwema," akasema. "Hivyo hivyo ndivyo nilivyomwambia mama yenu siku zake za mwisho."

Sasa nitasema nini tena? Kila nikiapa, ndivyo anavyozidi kuamini. Daktari kamwambia hana ugonjwa, Baba kamshukuru kwa ustaarabu wake! Mwili wake umekuwa mwepesi, ukimgeuza unaogopa. Nilitaka umwone kabla hajafa, na kwa kutaka hivyo nimemfundisha kufa.

Usije. Ukija mara ya pili ndiyo tutakuwa tumempigia muhuri.

Keki

*

Sarodra, 14 Machi 1964

Sehru,

Huyu ni shangazi yako Gulcher, na usijitie umeusahau mwandiko wangu.

Kaka yako anazunguka nyumbani kwenu kama punda aliyepoteza kinu. Analia ndani ya siki anayouza dukani, wateja watakuja kulalamika kwamba ina chumvi. Nimemwambia kulia hakupiki wali. Kosa ni lake, ndiyo, lakini na lako pia, na leo nakuambia lako.

Nilikaa na Framroz jana. Mimi ni dada yake, hanifichi kitu. Nikamwambia, "Zee jinga, nani kakudanganya kwamba unakufa?" Akaniambia, "Gulcher, Sehru alikaa hapa siku mbili asinibishie hata mara moja. Nilimjaribu. Nilimtukania chai yake, akasema ndiyo, Baba. Sehru! Mtoto aliyenibishia kabla hajaota meno! Sasa niambie mwenyewe kama mimi sifi."

Kweli, ningekuwa mimi ningejichimbia kaburi, kama sisi tungekuwa watu wa makaburi.

Basi kaa chini, mwana wa kaka yangu, umwandikie babako. Usimbembeleze. Usimwambie ale, usimwambie wampenda. Mgombeze. Mtu anayekufa hagombezwi, hilo analijua hata mtoto. Unayo mengi kifuani, usinidanganye, mimi nilikuwepo. Uyatoe yote. Keki atamsomea, nami nitakaa mlangoni nione uso wake.

Na uandike kwa herufi kubwa, Keki haoni vizuri na hataki kuvaa miwani, mpuuzi.

Shangazi

*

Baroda, 18 Machi 1964

Baba,

Nimesikia umelala kitandani unasubiri kufa. Haya, subiri. Lakini kabla hujaenda kuna deni la maneno baina yetu, na mimi siyo mtu wa kuyamezea.

Nilipokuja nilinyamaza kwa adabu. Adabu imeniisha. Chai yangu ni nzuri kuliko yenu. Yenu ina majani ya mnanaa mengi mpaka mtu anadhani anakunywa bustani.

Siku ya harusi yangu nilikutumia sahani ya vitamu, na samaki wa fedha juu yake, kama desturi yetu, si yao. Uliirudisha. Hukuirudisha kwa mkono wako hata. Ulimpa mtu wa takataka ailete, mchana, mtaa mzima unatazama. Mama mkwe wangu aliipokea, akaninunulia sahani nyingine, akaniambia iliyorudi si yangu, zimechanganyika. Mwanamke unayemwita mla majani! Alidanganya ili nisilie siku ya harusi yangu. Rupal alipozaliwa nilikuandikia. Ana pua yako, maskini. Hukujibu. Ni mjukuu wako, na wewe umekaa hapo unawahesabia Wabohora babu zao.

Kila sherehe mnajisifu kwamba wazee wetu waliingia nchi hii kama sukari ndani ya maziwa, wakamwahidi mfalme kuyatia utamu wasiyamwage. Nimeisikia hadithi hiyo mpaka masikio yameota usugu. Haya niambie, Baba: sukari gani hiyo isiyoyeyuka? Sukari ikikaa chini ya kikombe miaka yote hiyo na isiyeyuke, huo ni mchanga. Mimi ndiye niliyetimiza ahadi yenu. Na kwa kuitimiza nimefungiwa mlango.

Nilipoanza barua hii nilikuwa natimiza agizo la shangazi. Sasa kila neno ni kweli tupu. Nina hasira na wewe. Nilikuwa nazo nilipokuchana nywele, nilikuwa nazo nilipokukata kucha. Amka unijibu.

Sehru

*

Sarodra, 24 Machi 1964

Dada, dada, dada,

Ungemwona!

Nilisoma mpaka kwenye mtu wa takataka, nikasita. Nikataka kuruka. Baba akafungua jicho moja. "Kwa nini umenyamaza? Soma!" Nikasoma. Kwenye mla majani akaguna. Kwenye mchanga akakaa, Sehru, akakaa mwenyewe, bila kushikwa, uso umemwiva, akasema, "Mwanaharamu huyu ananiita mchanga?" Shangazi mlangoni akasema, "Kakuita, na kakupatia." Akamtukana shangazi. Shangazi akamtukana. Nimewahi kusikia nyimbo za ibada zisizo tamu kiasi hicho.

Kisha akasema, "Mayai. Na pilipili. Siwezi kumjibu mtu huyu na tumbo tupu." Alu alivunja sahani kwa haraka.

Haya ndiyo aliyoniamuru kuandika, na amenikagua neno kwa neno:

"Sehru. Mjinga wewe. Sukari ikiyeyuka hakuna anayeiona tena. Ndicho nilichokiogopa. Tazama mtaa huu, nyumba zimefungwa makufuli, waliobaki ni wazee na mbwa. Kila binti akiyeyuka, nani atakayewasha moto wa ibada? Hilo hukulifikiria, ulifikiria macho ya Mbrahmini wako. Sahani nilikosea. Sikosei mara nyingi, kwa hiyo usizoee. Hayo mengine hujanishinda, nina majibu, lakini mwandishi wangu ni mzito. Njoo nikujibu usoni. Mlete huyo mwenye pua. Nakuita. Umesikia? Nakuita kwa kinywa changu."

Amenifanya niliandike hilo la mwisho na kumsomea tena. Nimelia, akaniuliza kama siki imeingia machoni.

Keki

*

Baroda, 30 Machi 1964

Keki,

Nimeisoma barua yake nimesimama jikoni mpaka dengu zikaungua. Jayant ameisoma pia, akacheka pale penye macho yake, kisha akatoka nje akakaa huko kidogo.

Mwambie Baba nakuja na Rupal mitihani yake ikiisha, mwisho wa Aprili. Mwambie ajiandae, nimeshaandaa majibu. Ningeweza kuja kesho, lakini acha nisije mbio. Nikija mbio atadhani anakufa tena! Miaka yote sikuwahi kupata raha hii ya kutokuwa na haraka na babangu.

Usijilaumu tena. Uongo wako umezaa kweli.

Sehru

*

Sarodra, 22 Aprili 1964

Dada yangu Sehru,

Baba amefariki. Jana Jumanne, alfajiri, usingizini. Daktari anasema ni moyo. Alikuwa mzima kabisa juzi, alikula samaki, alikuwa akipanga maneno ya kukuambia na kuyajaribisha kwa yule Mbohora.

Jioni tulimpeleka mnarani. Yote yamekwenda kwa heshima. Makuhani walikuja wawili kama ipasavyo, na watu walikuwa wengi, hata Wabohora na Wajaini na wa kwao Jayant walisindikiza mpaka pale wanaporuhusiwa, wakasimama nje wamevua viatu.

Utauliza kwa nini unapata barua na hukupata telegramu. Nilikwenda posta asubuhi ile ile. Nilishika kalamu. Kisha nikafikiri: atafika na treni ya mchana, Baba atakuwa ameshaoshwa, naye dada atazuiwa langoni mbele ya mtaa mzima, kwenye jua hili. Si ameshamwona? Si ndiyo maana niliyafanya yale yote? Nikasema nikuepushie. Nikaiacha kalamu nikarudi nyumbani.

Nimekosea? Sijalala tangu jana. Niambie kama nimekosea.

Keki

*

Baroda, 27 Aprili 1964

Keki,

Unauliza kama umekosea.

Aliniita. Kwa kinywa chake, uliandika wewe mwenyewe. Sanduku letu lilikuwa limefungwa liko mlangoni. Rupal alikuwa amejifunza kusema "shikamoo Babu" kwa lugha yenu, anairudia nyumba nzima. Na mimi ndiye niliyesema sina haraka. Hilo ni langu, nitalibeba mpaka siku yangu, sikupi wewe.

Lakini hili ni lako. Wabohora walisimama nje. Wajaini walisimama nje. Ndugu za mume wangu, wasiomjua Baba ila kwa matusi yake, walivua viatu wakasimama nje. Mbwa aliingia akamtazama usoni. Na mimi nilikuwa Baroda napika wali.

Nani kakuambia nilitaka kuepushiwa? Najua nisingeingia. Najua tangu siku niliyoolewa. Nilikuwa nimeshajiandaa kusimama kwenye lango lile na kusikia maombi yanapita juu ya ukuta, na watu wanione, na jua linichome. Kusimama nje ndiyo sehemu pekee ya mazishi ya babangu iliyokuwa yangu. Wazee wako walinipokonya nyingine zote. Hiyo umenipokonya wewe, ndugu yangu wa tumbo moja, kwa huruma.

Na niambie kweli, maana nakujua toka ukiwa unakojoa kitandani: ulinionea huruma, au ulijionea aibu?

Sehru

*

Sarodra, 6 Mei 1964

Dada Sehru,

Aibu.

Niliiona sura yako langoni, nikakusikia unapaza sauti, unawaita wazee majina yao, na mimi nimeshika kitambaa cheupe kwenye msafara, macho yote yananigeukia. Hilo ndilo lililonifanya niiache kalamu pale posta. Huruma ilikuja baadaye, nikaivaa juu yake. Hata nilipokuandikia nilikuwa karibu kuiamini.

Shangazi nimemwambia. Hakunitukana, na hilo limeniuma kuliko tusi. Alinitazama tu, akaniomba nimpishe apite.

Tarehe ishirini na moja ni maombi ya mwezi mmoja tangu Baba afariki, hekaluni, ambako nako wewe hufunguliwi mlango. Mwana wa kiume hukaa mbele, karibu na moto, ndivyo ilivyo toka babu na babu. Nimekwenda kwa kuhani nikamwambia mimi sitaingia. Alidhani naumwa. Nikamwambia dada yangu ana haki ya kusimama nje, na nilimnyima mara moja, sasa nitasimama naye. Akaniuliza, "Na maombi ya Framroz yataitikiwa na nani?" Nikamwambia nitayaitikia toka barabarani, nina sauti ya kutosha. Akanisihi kwa upole sana. Kisha akaja mkuu wa wazee wetu dukani, akanunua siki asiyoihitaji, akanikumbusha kwamba mtaa wetu ni mdogo na mimi nina watoto watakaotafuta wachumba. Nilimsikiliza. Mimi si jasiri, Sehru, unanijua.

Lakini sijabadilisha neno. Alu amekasirika, hasemi nami. Shangazi ameuliza barabarani pale kuna kivuli upande gani.

Hili halifuti lile. Siku ile imekwisha na sina ya kukurudishia. Kama hutaki kuniona nitaelewa, wala usijisumbue kunijibu.

Usipokuja, nitasimama nje peke yangu.

Keki